Dawa za homa ya ini C na moyo: maswali yenu

Tangu nilipoandika kwamba homa ya ini C inapona kwa vidonge vya wiki 12, maswali yamekuwa mengi kuliko nafasi niliyonayo. Ya bei na ya vipimo nimeyaweka pembeni kwanza. Ya leo yote yanahusu moyo. Nimeyafupisha na kuondoa majina, na pale watu kadhaa walipouliza jambo moja nimechukua swali la aliyelieleza vizuri zaidi. Kumbukeni mimi ni mfamasia. Sipimi moyo wa mtu. Kazi yangu ni kujua dawa gani ni mafahali wawili wasiokaa zizi moja.

Shikamoo. Baba yangu ana miaka 67. Mapigo yake ya moyo hayana mpangilio, na kwa miaka miwili sasa anatumia amiodaroni. Juzi amekutwa na homa ya ini C na kliniki ya ini wanataka kumwanzishia sofosbuviri na daklatasviri. Ndugu yetu aliyeko Ulaya amepiga simu akasema dawa hizo zikikutana zinaua. Tumsikilize nani? (Tanga)

Marahaba mwanangu. Msikilizeni huyo ndugu yenu, hajazua kitu.

Sofosbuviri iliruhusiwa Marekani Desemba 2013 kwa jina la Sovaldi. Mwaka uliofuata ikaja Harvoni, ambayo ndani yake kuna sofosbuviri pamoja na ledipasviri. Machi 2015 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikatoa onyo: kulikuwa na taarifa za wagonjwa 9 waliokuwa wakitumia amiodaroni, wakaanzishiwa sofosbuviri pamoja na dawa nyingine ya virusi hivi, mapigo ya moyo yakashuka vibaya. Mmoja moyo ulisimama, akafariki. Watatu ilibidi wawekewe betri ya moyo. Sita kati ya hao tisa hali iliwabadilikia ndani ya saa 24 za kwanza, na waliobaki kati ya siku ya 2 na ya 12. Saba kati yao walikuwa pia wanatumia dawa za kundi la atenolol na propranolol, ambazo zenyewe kazi yake ni kupunguza kasi ya moyo. Ulaya nao wakatoa tahadhari yao muda mfupi baadaye, na leo onyo hilo limo kwenye karatasi ya maelezo ya kila dawa yenye sofosbuviri. Namaanisha ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nane ambayo wengi tunaitupa na boksi.

Kwa nini dawa hizo zikutane na kuleta balaa, wataalamu wana nadharia zao na bado hawajakubaliana. Ushauri uliotolewa, hata hivyo, hauna utata. Zisitumiwe pamoja. Ikiwa kweli hakuna njia nyingine, mgonjwa alazwe kwa saa 48 za mwanzo, moyo wake ukifuatiliwa kwa mashine muda wote, kisha mapigo yahesabiwe kila siku kwa angalau wiki mbili.

Kwa hiyo kabla baba hajameza kidonge cha kwanza, chukueni dawa zake zote, za moyo, za presha, za tumbo, hata zile za kienyeji, mzitie kwenye mfuko mmoja mpeleke kliniki ya ini. Msiende na majina kichwani, nendeni na dawa zenyewe. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi kliniki ya moyo na kliniki ya ini hazisomi faili moja, hata zikiwa jengo moja. Daktari wa ini anauliza "una dawa nyingine unatumia?", mzee anajibu "hapana", maana kwake dawa ya moyo si dawa tena, ni chakula cha asubuhi. Hapo ndipo hatari inapoingilia.

Kisha mwombeni daktari wa moyo aangalie upya: je, amiodaroni bado inahitajika, au kuna mbadala? Na daktari wa ini aulizwe kama anaweza kupata mchanganyiko usio na sofosbuviri, kwa mfano glekapreviri na pibrentasviri, unaouzwa kwa jina la Maviret. Nao una masharti yake: haupewi mtu ambaye ini limeshashindwa kazi, na mara nyingi hauko kwenye rafu zetu. Kwa wengi, homa ya ini C ni ugonjwa wa miaka, si wa wiki. Kama ini la baba halijasinyaa, kungoja madaktari wawili waelewane hakutamuumiza.

Mkishakubaliana na daktari, jifunzeni kuhesabu mapigo. Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya kidole gumba upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa baba. Usitumie kidole gumba chako, kina mapigo yake na utahesabu ya kwako. Baba awe ameketi na amepumzika dakika tano. Hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, maana moyo usio na mpangilio unadanganya. Anzeni siku kadhaa kabla ya matibabu ili mjue kawaida yake ni ngapi, muandike kwenye daftari. Yakishuka chini ya 50, au akipata kizunguzungu, akazimia au kukaribia kuzimia, akakosa pumzi, akaumwa kifua, akachoka ghafla bila sababu, au akaanza kuchanganyikiwa na kusahau vitu vya jana, msipige simu kwa ndugu wa Ulaya. Nendeni hospitali, na mfuko wa dawa mkononi.

Kama tatizo ni amiodaroni, si aiache wiki moja kabla, amalize dawa za ini, halafu arudi kwenye dozi yake? (aliyeuliza ni mwingine, ila swali linafuatana na la juu)

Hapana. Kwa wastani inachukua siku 58 hivi kwa nusu tu ya amiodaroni kutoka mwilini, na kwa wengine hufika miezi minne na zaidi. Dawa hii inajificha kwenye mafuta, kwenye ini, kwenye mapafu, inatoka kidogo kidogo. Ukiiacha wiki moja, karibu yote bado unayo. Ndiyo maana hata mtu aliyeiacha miezi michache iliyopita anatakiwa aseme, na afuatiliwe kama vile bado anaitumia.

Lingine: kuacha dawa ya mapigo bila daktari wa moyo kujua kunaweza kurudisha ugonjwa wenyewe.

Mie nina presha. Natumia amlodipine na losartan, asubuhi na jioni. Nikianza dawa za ini, nisimamishe hizi ili ini lipumzike? (Mombasa)

Usisimamishe hata kimoja. Swali hili limekuja kwa namna nyingi na linanitia wasiwasi kuliko lile la amiodaroni, kwa sababu wanaotumia amiodaroni ni wachache na wenye presha ni umati. Mtu anaambiwa ini lake ni gonjwa, anaamua mwenyewe kulipunguzia mzigo: anaacha dawa ya presha wiki 12. Ini halipumziki kwa hilo. Kinachofanya kazi ya ziada ni moyo na mishipa ya ubongo, na kiharusi hakisubiri umalize dozi.

Losartan haina ugomvi na dawa hizi. Hydrochlorothiazide hali kadhalika, na atenolol au bisoprolol mtu akitumia bila amiodaroni pia hazina shida. Amlodipine na nifedipine zinaweza kugusana kidogo na daklatasviri. Si sababu ya kuacha, ni sababu ya kupima presha mara nyingi zaidi mwezi wa kwanza na kutazama miguu kama inavimba kuliko ulivyoizoea. Kama badala yake ungekuwa kwenye verapamil au diltiazem, ningekuambia umjulishe daktari kabla ya kuanza, maana hizo zinapunguza kasi ya moyo na pia zinapandisha kiwango cha daklatasviri kwenye damu.

Mimi ni mwanafunzi wa famasia. Nilisoma kwamba kuna dawa ya homa ya ini C iliyoharibu mioyo ya watu kwenye majaribio. Sasa mbona tunaambiwa dawa hizi ni salama? (Dodoma)

Swali zuri, na hiki ni kisa ambacho ningependa kila mwanafunzi wa famasia akijue.

Mwanzoni mwa 2012 makampuni yalikuwa mbioni kutafuta kidonge cha kuondoa sindano za intaferoni, tiba ya zamani ya ugonjwa huu. Januari mwaka huo Bristol-Myers Squibb ilinunua kampuni ndogo ya Inhibitex kwa takriban dola bilioni 2.5, na kilichotakiwa hasa ni dawa moja iliyokuwa ikiitwa INX-189. Ikapewa jina jipya, BMS-986094. Agosti, miezi saba tu baadaye, mgonjwa mmoja kwenye majaribio moyo wake ulishindwa kufanya kazi. Majaribio yakasimamishwa. Mgonjwa akafariki, wengine wakalazwa, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikaitupa dawa ile moja kwa moja.

Uchunguzi uliochapishwa baadaye ndio unaotisha zaidi. Kati ya wagonjwa 34 waliochunguzwa, 14 walionekana mioyo yao imedhoofika. Sita kati yao moyo ulikuwa unasukuma chini ya asilimia 30 ya damu iliyomo kwenye chumba chake kikuu kila unapopiga, na kwa kawaida tunategemea zaidi ya 50. Baadhi yao walikuwa hawana dalili yoyote mpaka walipopimwa.

Kilichotokea ni hiki. Dawa za kundi hili ni matofali bandia: kirusi kinapojinakili kinachukua tofali lile, kinakwama. Lakini chembe hai zetu nazo zina mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu, na mitokondria ina kimeng'enya chake cha kunakili ambacho kinafanana na cha kirusi. BMS-986094 ilijengwa juu ya guanosini, aina mojawapo ya matofali hayo, na kimeng'enya cha mitokondria kilidanganyika nayo. Msuli wa moyo haulali, umejaa mitokondria kuliko karibu kiungo chochote, kwa hiyo ndio uliolipa. Hiyo ndiyo tafsiri inayotajwa sana, ingawa si wataalamu wote wanaoikubali. FDA ilisimamisha pia dawa za kampuni ya Idenix zilizojengwa kwa tofali lile lile la guanosini, na mwaka 2013 Idenix ikaachana nazo.

Sofosbuviri imejengwa juu ya uridini, tofali la aina nyingine, si guanosini. Ilipojaribiwa maabara dhidi ya kimeng'enya cha mitokondria, haikukidanganya. Watu wazima wenye afya walipewa dozi mara tatu ya kawaida, miligramu 1200 badala ya 400, ECG yao, yaani kipimo cha umeme wa moyo, haikuonyesha umeme huo kuchelewa kujipanga upya. Na zaidi ya maabara kuna watu: Misri peke yake, nchi iliyokuwa na mzigo mkubwa mno wa ugonjwa huu kwa sababu ya sindano za kichocho zilizotumika kwa mtu zaidi ya mmoja miaka ya nyuma, imetibu zaidi ya watu milioni 4, wengi wao kwa sofosbuviri na daklatasviri. Dawa inayoharibu moyo kwa kiwango cha BMS-986094 haiwezi kujificha kwa watu wengi kiasi hicho. Ilijulikana kwa watu 34.

Ndiyo maana onyo la amiodaroni, japo ni zito, halinitishi kuhusu dawa yenyewe. Linaonyesha kwamba taarifa za wagonjwa tisa zilitosha kubadili maelezo ya dawa duniani kote. Wewe ukiwa kazini na mgonjwa akakuletea jambo usilolielewa, jaza fomu ya madhara ya dawa, ipeleke TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Usiseme ni mmoja tu.

Mama yangu ana miaka 71, alitibiwa homa ya ini C hapa Kigali miaka kadhaa iliyopita kwa vidonge vya ledipasviri na sofosbuviri. Mwaka huu moyo unamwenda mbio usiku. Je, ni mabaki ya dawa?

Si mabaki. Sofosbuviri yenyewe inatoweka kwenye damu ndani ya saa chache, zao lake kuu linapungua kwa nusu kila saa 27 hivi, na ledipasviri kila saa 47. Wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho hakuna cha maana kilichobaki, achilia mbali miaka. Mpelekeni apimwe ECG, presha, wingi wa damu na tezi ya shingo. Katika umri wake, moyo kwenda mbio usiku mara nyingi una sababu ya kawaida, ila mojawapo, mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, inaweza kuleta kiharusi ikiachwa. Msikawie.

Nina swali langu pia: mama alipimwa tena wingi wa virusi, wiki 12 baada ya kumaliza? Nauliza kwa sababu ya Rwanda hasa. Jaribio lililofanyika huko kwa watu 300 waliotumia vidonge hivyo hivyo lilionyesha asilimia 87 walipona. Ni wengi, lakini ni pungufu kidogo ya zaidi ya asilimia 95 tuliyoizoea kwingineko, na walioshindwa wengi walikuwa na tawi la kirusi liitwalo 4r, ambalo lipo sana kwenu. Kama hakuna cheti cha kipimo hicho kwenye makaratasi yake, ombeni apimwe. Asipokuwa amepona, ipo dawa ya awamu ya pili, na kwa kuwa sasa moyo wake una hoja, daktari lazima ajue dawa za moyo atakazoanzishiwa kabla ya kumwandikia.

Niko kwenye methadoni, dawa ya kuachia heroini, mwaka wa tatu, naendelea vizuri. Nimepima nina homa ya ini C. Muuguzi mmoja kasema methadoni na dawa za ini zitasimamisha moyo wangu. Kweli? (Dar es Salaam)

Hongera kwa miaka mitatu, mdogo wangu, si mchezo.

Muuguzi ameshika nusu ya jambo. Methadoni kweli, hasa dozi ikiwa kubwa, inaweza kuchelewesha umeme wa moyo kujipanga upya kati ya pigo na pigo. Ikizidi, moyo unaweza kuingia kwenye mdundo wa hatari. Lakini sofosbuviri, daklatasviri, velpatasviri na ledipasviri haziongezi hilo, na dozi yako ya methadoni haihitaji kubadilishwa. Zinaweza kumezwa siku moja, hata kwenye dirisha moja la kliniki unapochukulia methadoni, muuguzi akikuangalia.

Dawa za kuogopa zikiongezwa juu ya methadoni ni nyingine, na nyingi unazinunua bila cheti: erythromycin na azithromycin, ciprofloxacin, fluconazole ya fangasi, haloperidol, kwinini, na hata dawa mseto ya malaria inahitaji tahadhari. Kuhara sana kunakopoteza madini ya potasiamu kunaongeza hatari. Ukiumwa kitu chochote, mwambie mwuza dawa kwamba uko kwenye methadoni kabla hajafungua droo. Ukiona aibu, mwonyeshe kadi yako bila kusema neno. Kama hujawahi kupimwa ECG tangu uanze, omba upimwe sasa, iwe kumbukumbu.

Halafu TB. Ukianzishiwa rifampisini, dawa za ini zenye sofosbuviri hazitafanya kazi, kiwango chake kitaanguka. TB kwanza, ini baadaye. Na kama uko pia kwenye dawa za kufubaza VVU zenye dolutegraviri, zinaelewana. Zenye efavirenz, daktari atabadilisha au atapandisha dozi ya daklatasviri kutoka miligramu 60 hadi 90.

Nina hasira kidogo kuhusu swali hili, si kwako. Watu waliowahi kujidunga ndio wanaoambukizwa zaidi, na ndio wanaoambiwa zaidi wasubiri, leo kwa sababu ya moyo, kesho kwa sababu "hawatamaliza dozi". Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linasema watu wazima wote wenye maambukizi sugu watibiwe. Mtu anayefika dirishani kila asubuhi kwa miaka mitatu ndiye hasa wa kumaliza dozi.

Mjomba yupo Maskati. Ini lake limesinyaa na tumbo linajaa maji. Madaktari wamempa sofosbuviri na velpatasviri, wakaongeza ribavirini. Mwaka juzi alipata shambulio la moyo. Hiyo ribavirini ni salama kwake?

Hapa nitakuwa mkali: apige simu kwa daktari wake leo na aseme waziwazi "nimewahi kupata shambulio la moyo". Ribavirini inavunja chembe nyekundu za damu, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Damu ikipungua, moyo ambao mishipa yake imeziba unakosa hewa, na shambulio jingine linaweza kuja. Onyo hilo limeandikwa juu kabisa ya maelezo ya dawa, ndani ya kisanduku, na linasema wenye ugonjwa mkubwa wa moyo wasipewe. Ni dawa ya tangu enzi za intaferoni, wakati watu walidungwa wiki 24 hadi 48 na wengi waliacha njiani.

Madaktari hawakukosea kuifikiria. Kwa ini lililofika hapo, ribavirini inaongeza nafasi ya kupona ndani ya wiki 12. Lakini ipo njia nyingine inayokubalika kwa asiyeweza kuitumia: sofosbuviri na velpatasviri peke yake, kwa wiki 24. Ndiyo ya kuuliza. Kama daktari wa moyo na wa ini watakaa pamoja na bado wakaona ribavirini ibaki, basi dozi iwe ndogo na damu ipimwe mara kwa mara kuanzia wiki za mwanzo.

Nilibadilishiwa valvu ya moyo kwa sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni. Natumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, na INR yangu, kipimo cha damu kuganda, inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Dawa za ini zitaivuruga? (Mwanza)

Zinaweza, na kwa njia ambayo watu hawaitarajii. Dawa zenyewe hazigombani sana na wafarini. Kinachobadilika ni ini. Ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu, na virusi vikiondoka linaanza kufanya kazi hiyo vizuri. Wafarini ile ile uliyoizoea inakuwa haitoshi, kipimo cha INR kinashuka, damu inaganda juu ya valvu ya chuma. Yaani kupona kwenyewe ndiko kunakoharibu hesabu.

Kwa hiyo pima INR kila wiki ukianza, usingoje tarehe yako ya kawaida ya mwezi, na uendelee kupima kwa karibu hata wiki kadhaa baada ya kumaliza vidonge. Zingatia hasa ule mwisho. Watu wanamaliza chupa ya tatu, wanasherehekea, wanaacha kupima.

Kama unatumia pia digoksini, dawa nyingine ya moyo, sema. Velpatasviri na ledipasviri zinaipandisha kwenye damu. Kichefuchefu, kuona vitu vina rangi ya manjano, mapigo kwenda polepole: hizo ni dalili imezidi, si "uchovu wa dozi".

Atorvastatin ya kolesteroli niendelee nayo?

Inategemea dawa ya ini. Ukiwa kwenye sofosbuviri na daklatasviri, endelea, ila misuli ikiuma kama umelima shamba ambalo hukulilima, rudi kliniki. Ukipewa Maviret, atorvastatin na simvastatin zinasimama mpaka umalize. Rosuvastatin isipite miligramu 10 ukiwa kwenye velpatasviri, na haifai pamoja na ledipasviri.

Nina homa ya ini C, moyo wangu mzima. Baada ya kusoma haya yote si bora nikae na ugonjwa wangu kuliko kuhatarisha moyo? (Nairobi)

Ukikaa nao, moyo haukai salama. Kirusi cha C hakiishii kwenye ini: kinaacha uvimbe wa kudumu mwilini, kinaharibu matumizi ya sukari, kwa wengine kinashambulia mishipa midogo ya damu. Utafiti mkubwa wa maveterani wa jeshi la Marekani ulionyesha waliotibiwa walipata mashambulio ya moyo na kiharusi kwa uchache kuliko wasiotibiwa. Wafaransa waliowafuatilia wagonjwa wenye ini lililosinyaa waliona mwelekeo huo huo kwa waliopona.

Mambo mawili ya kufuatilia baada ya kupona: kolesteroli mbaya huwa inapanda kidogo kirusi kikiondoka, kwa hiyo ipime. Na kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, pima sukari mara nyingi tangu wiki ya kwanza, maana mwili unaanza kuitumia vizuri na inaweza kushuka ukaanguka. Pia hakikisha umepimwa homa ya ini B kabla ya kuanza. Hilo si la moyo, lakini C ikiondoka, B iliyolala inaweza kuamka.

Kahawa je?

Kunywa. Wanywaji wa kahawa wenye homa ya ini C wameonekana kuwa na makovu machache kwenye ini, na haigombani na vidonge. Ya tangawizi pia. Ikikudundisha moyo usiku, isipite saa kumi jioni.